BUNDUKI NA KILEO HAVIKAI MEZA MOJA

Wahenga wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Msemo huo hutujia akilini kila tunapoufikiria mchezo wa shabaha, ambao ni mchezo wa zamani na wa heshima, unapochanganywa na kileo kwa jina la burudani. Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo mbele ya wananchi wa visiwa hivi, na mbele ya wakuu wenye dhamana ya kutoa leseni na vibali. Tunalizungumza wakati bado ni jambo la kupangwa, kwa sababu hatungependa lije kuwa jambo la kuombolezwa.

Swali lenyewe ni fupi. Je, mtu anaweza kunywa na kulenga shabaha kwa usalama? Wapo wanaojibu kwamba inawezekana, mradi anywe kwa kiasi, awe mzoefu, na pawepo msimamizi. Hoja zao zina wasikilizaji wengi, na si haki kuzitupa bila ya kuzipima. Sisi tumezipima moja moja, na jibu letu ni hapana. Kileo na bunduki vinaweza kuwa katika kiwanja kimoja ikiwa tu vimetenganishwa kwa saa na kwa kufuli. Katika mwili wa mtu mmoja, kwa wakati mmoja, havina pa kukaa pamoja.

Kabla ya kuendelea, tuondoe shaka mbili. Kwanza, hatuandiki leo juu ya halali na haramu. Jambo hilo lina masheikh wake, na wengi wa wasomaji wetu wamelijua jibu lake tangu chuoni. Tunaandika juu ya usalama wa roho za watu, wanaokunywa na wasiokunywa, wenyeji na wageni. Pili, hatuupigi vita mchezo wa shabaha. Mchezo huu umo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896. Humfunza mtu subira, utulivu wa pumzi na utii wa amri. Katika mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita tu. Mwenye kuipiga nukta hiyo ana kila haki ya kusifiwa. Na kwa kuwa tunauheshimu mchezo huo, hatupendi kuuona ukigeuzwa kichekesho cha baraza la ulevi.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea ni kuwa glasi moja hutuliza mkono. Tuseme kweli: hoja hii ina chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwanamichezo wa Sweden, Hans-Gunnar Liljenwall, alikuwa akishindana katika mchezo wa fani tano, ambao mojawapo ya fani zake ilikuwa shabaha ya bastola. Alipopimwa alikutwa na kileo mwilini. Yeye mwenyewe alieleza kuwa alikunywa bia mbili ili kutuliza wasiwasi. Akawa mtu wa kwanza katika historia ya Olimpiki kuondolewa mashindanoni kwa kutumia kitu kilichokatazwa, na timu yake ikanyang'anywa medali ya shaba. Miaka 40 baadaye, katika Michezo ya Beijing ya mwaka 2008, mlenga shabaha wa Korea ya Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili kwa kutumia dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Basi ni kweli kwamba wapo waliotafuta utulivu wa mkono katika chupa na katika kidonge.

Lakini utulivu wa mkono ni sehemu ndogo ya usalama. Usalama wa shabaha umo kichwani. Ni kukumbuka kuikagua silaha kila unapoishika, hata kama aliyekupa ni ndugu yako. Ni kujua kilicho mbele ya shabaha na kilicho nyuma yake. Ni kukiondoa kidole kwenye kifyatulio mara moja inapotolewa amri ya kusimamisha. Ni kuwa na haya ya kusema, "Leo siko sawa, sipigi." Sehemu hii ya akili ndiyo kileo huanza kuishambulia, nayo hushambuliwa mapema, kabla ulimi haujaanza kuwa mzito na kabla miguu haijayumba. Anayekunywa huhisi mkono umetulia, kumbe kilichotulia ni hofu yake. Na hofu ya bunduki si adui wa mpiga shabaha, bali ni mlinzi wake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walilijaribu jambo hili kwa mitambo ya mazoezi isiyotoa risasi za kweli, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Jaribio lilikuwa dogo, la watu 12 tu, na halifai kufanywa msahafu. Hata hivyo lilichoonyesha kinastahili kuzingatiwa. Waliokunywa walilenga vibaya kuliko wasiokunywa. Palipohitajika wepesi, walichelewa. Na palipohitajika kwanza kupima kama inafaa kupiga au haifai, wao ndio waliowahi kufyatua. Yaani walikuwa wazito pa wepesi, na wepesi pa uzito. Hatuijui sifa mbaya zaidi ya hiyo kwa mtu aliyeshika silaha.

Hoja ya pili ni ya uzoefu. Tunaambiwa kuwa mtu aliyeishi na bunduki miaka mingi haihitaji akili yake yote kuitumia, kama vile fundi mkongwe anavyogonga msumari huku akizungumza. Tunasema kuwa uzoefu ni jambo jema, lakini kileo kinaujua mlango wake. Mwaka 1951 huko Mexico City, mwandishi wa Kimarekani William Burroughs, mtu aliyezoea silaha tangu ujana wake, alikuwa katika mkusanyiko wa marafiki ambapo watu walikuwa wakinywa. Kwa masimulizi ya waliokuwepo, alitaka kuonyesha ustadi kwa kuiga hadithi ya kale ya Uswisi ya William Tell, mlenga shabaha aliyelazimishwa kulipiga tufaha lililowekwa juu ya kichwa cha mwanawe. Mkewe, Joan Vollmer, aliweka glasi kichwani. Risasi ilimpata yeye badala ya glasi, naye akafariki. Burroughs alikuja kubadilisha maelezo yake juu ya namna risasi ilivyotoka, lakini hakuna maelezo yaliyomrudisha mkewe, wala mama wa mtoto wao mdogo.

Mfano mwingine ni wa Januari 1978, karibu na Los Angeles. Terry Kath, mpiga gitaa hodari wa bendi ya Chicago, alikuwa mpenzi wa silaha na wa mchezo wa shabaha. Baada ya sherehe, akiwa amelewa, alichezea bastola mbele ya rafiki aliyekuwa akimsihi aache. Alimwonyesha rafiki yake kuwa magazini ilikuwa tupu, ili kumtoa wasiwasi. Hakukumbuka kuwa risasi moja ilikuwa imebakia ndani ya chemba. Alikufa akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 32. Kuikagua chemba ni somo la siku ya kwanza kwa kila anayeshika silaha ya aina ile, na mtu kama Kath bila shaka alilijua vyema. Kileo hakikumsahaulisha jambo gumu. Kilimsahaulisha jambo jepesi kuliko yote.

Hatuwataji marehemu hawa kwa kuwasema vibaya. Tunawataja kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya waliohusika aliyekuwa mgeni wa bunduki. Mgeni huiogopa. Aliyeizoea ndiye anayethubutu kufanya nayo mchezo anapokuwa amekunywa.

Hoja ya tatu imeanza kusikika katika miaka ya karibuni. Wapo wanaosema kuwa hata wakubwa wa michezo duniani wamekiruhusu kileo. Wanachokusudia ni kuwa Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni lilikiondoa kileo katika orodha yake ya vitu vilivyokatazwa kuanzia tarehe 1 Januari 2018. Habari hiyo ni ya kweli, lakini tafsiri yake si sahihi. Kileo kilikuwa kimebakia katika orodha kwa michezo minne tu, ukiwemo ule wa shabaha ya upinde, na kiliondolewa ili vyama vya michezo hiyo vikisimamie vyenyewe kwa kanuni zao na kwa vipimo vya pumzi. Orodha ile inahusu zaidi udanganyifu katika kutafuta ushindi, haikuandikwa kuwa kitabu cha usalama. Na msomaji apime jambo hili: kabla ya kuondolewa, ukomo kwa mpiga upinde ulikuwa miligramu 10 za kileo katika mililita 100 za damu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara ya mwaka 1973 inamwekea dereva ukomo wa miligramu 80. Yaani mtu ambaye sheria ya barabarani humwacha aendeshe gari, alikuwa amepita mara kadhaa kiwango cha kuaminiwa upinde na mshale.

Hoja ya nne ndiyo yenye nguvu zaidi. Katika Uswisi na Ujerumani, tunaambiwa, kuna sherehe kubwa za shabaha ambazo bia haikosekani, nazo zimeendelea vizazi na vizazi. Katika Uswisi peke yake, watu zaidi ya laki moja hushiriki kila mwaka katika mashindano ya shabaha ya taifa zima. Ni kweli, na tunawapongeza. Lakini mwenye kuiga na aige yote, asichague povu akaacha kinywaji. Siri ya sherehe zile ni mpangilio. Shabaha ina saa yake na kiwanja chake, na bia ina hema lake. Mtu hupiga kwanza, bunduki ikakaguliwa na kuwekwa, kisha ndipo huketi na wenzake. Nyuma ya mpangilio huo kuna vyama vyenye umri wa karne, na vijana wanaofunzwa na wazee wao kuwa atakayevunja utaratibu hatapewa tena silaha. Anayetuletea bunduki na bia bila ya kutuletea utaratibu huo ametuletea nusu ya mila, na ni ile nusu inayoua.

Sasa tuje kwetu, kwa kuwa visiwa vina mahitaji yake. Katika nchi kubwa, kiwanja cha shabaha huweza kujengwa mahali ambapo nyuma yake ni pori la maili nyingi. Sisi pori hilo hatuna. Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita 40 kwa upana, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Popote utakaposimama, mbele yako pana kijiji, shamba, skuli au njia ya watu. Risasi ndogo kuliko nyingi za michezo, ile yenye kipenyo cha 0.22 ya inchi, huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu mtutu unapoinuliwa.

Na kuinuka kwa mtutu si jambo kubwa. Tuchukue kiwanja cha mita 50, chenye tuta la udongo la mita 3 nyuma ya shabaha, na mpigaji anayeshika bunduki katika kimo cha mita moja na nusu. Mtutu ukiinuka kwa nyuzi 2 tu kupita usawa, risasi italiruka tuta. Kwa bunduki yenye urefu wa sentimita 80 kutoka begani, nyuzi 2 ni kuinuka kwa ncha kwa pungufu ya sentimita 3. Ni upana wa vidole viwili. Mtu asiyekunywa huulinda upana huo bila ya taabu. Aliyekunywa, aliyeitwa jina na rafiki yake akageuka akicheka, hawezi kutuahidi kuwa ataulinda.

Tunasikia wengine wakisema: basi elekezeni kiwanja baharini, kwani bahari ni tupu. Anayesema hivyo hajapata kusimama Paje au Jambiani maji yakishapwa. Bahari ya mashariki ya Unguja wakati wa kupwa ni shamba. Kina mama wapo humo na kamba zao za mwani, wameinama, na sauti ya pwani haiwafikii. Vijana wanatafuta pweza kwenye miamba. Watoto wanaokota chaza. Maji yakijaa zinakuja ngalawa, na nahodha wa ngalawa hana habari kuwa ufukweni kuna mtu mwenye bunduki mkono mmoja na glasi mkono wa pili. Shamba hilo la maji halina ukuta wala bendera, na wanaolilima ndio wanyonge wetu. Ikiwa starehe ya wachache itawafanya wao waogope kwenda kwenye mwani wao, starehe hiyo imegeuka dhulma.

Pia tukumbuke umbali wa tiba. Kutoka Nungwi au Makunduchi hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni karibu kilomita 60. Jeraha la risasi linahesabiwa kwa dakika, na kuvuja damu hakungoji gari ipatikane. Likihitajika la zaidi, kuna bahari ya kuvuka hadi Dar es Salaam. Mkaazi wa Pemba ana bahari hiyo pamoja na safari nyingine juu yake. Katika bara kosa la bunduki ni kosa. Katika kisiwa, mara nyingi kosa hilohilo huwa ni hukumu.

Wala mtu asidhani kuwa maneno haya hayahusu bunduki za upepo na upinde, vitu ambavyo huonekana kama vya watoto. Bunduki ya upepo ya mashindano hurusha kidude chake kwa mwendo wa zaidi ya mita 150 kwa sekunde. Hiyo inatosha kulipofua jicho, na jicho halirudi kwa kuombwa radhi. Mshale wa upinde wa michezo ni silaha kama ulivyokuwa kwa wawindaji wa zamani. Michezo hii ndiyo rahisi zaidi kuwekwa karibu na meza za vinywaji, kwa sababu haina mshindo wa kumshtua mtu. Kwa hivyo ndiyo ihadhariwe zaidi.

Liko jambo jingine ambalo husahauliwa na wengi, nalo ni kileo cha jana. Mwili wa mtu huondoa kileo kwa mwendo wake wenyewe, wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika mililita 100 za damu. Kahawa haiuharakishi mwendo huo, wala kuoga kwa maji baridi, wala supu ya pweza. Mtu aliyeacha kunywa saa 6 za usiku akiwa na miligramu 150, saa 2 za asubuhi bado ana miligramu 30. Amelala, ameamka, amekunywa chai, anajiona mzima, na bado amebeba mara tatu ya ule ukomo wa zamani wa mpiga upinde. Hatakuwa safi kabla ya saa 4. Basi kuifunga baa wakati wa shabaha hakutoshi ikiwa hakuna anayeuliza habari za usiku uliopita.

Wazee wetu hawakusoma hesabu hizi, lakini hekima yake waliijua. Kila mwaka mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, na katika sherehe hiyo wanaume hupigana hadharani ili kuzimaliza hasira za mwaka uliopita. Wanapigana kwa migomba. Silaha za kweli hazimo. Walioiweka mila hiyo walijua kuwa siku ambayo damu ya watu imechemka na vichwa vimepanda si siku ya kushika chuma, kwa hivyo wakaweka mkononi kitu kitakachouma bila ya kuua. Huo ni utaratibu wa usalama ulioasisiwa na watu wa kijiji, bila ya mtaalamu kutoka nje. Nasi leo, wenye mashine za kupima pumzi na sheria zilizochapwa, haitufai kuwa na busara pungufu ya waliotutangulia.

Sheria za wengine nazo zina la kutufunza. Uingereza, katika Sheria yake ya Leseni ya mwaka 1872, ilifanya kuwa ni kosa mtu kulewa akiwa na silaha iliyojazwa risasi, ikamweka katika kifungu kimoja na mlevi anayeendesha gari la farasi au mashine ya mvuke njiani. Kifungu hicho hakijafutwa mpaka leo. Afrika ya Kusini, katika Sheria yake ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000, ilikataza mtu kushika silaha hali ya kuwa amelewa, na ikaitaja kwa jina hata bunduki ya upepo. Nchi hizo mbili hazifanani kwa historia wala kwa hali ya watu wake, lakini katika jambo hili zimesema neno moja.

Kwetu sisi kuna uzito mmoja wa kiutawala ambao tungependa wakuu wauangalie. Polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Usimamizi wa vileo ni jambo la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Basi mkono unaotoa ruhusa ya silaha si ule unaotoa leseni ya kileo, na kila mmoja huweza kutimiza wajibu wake kwa ukamilifu bila ya kujua mwenzake ameruhusu nini mahali hapohapo. Hatumlaumu yeyote. Tunasema tu kwamba maji hupita penye mwanya, na mwanya huu ni rahisi kuuziba.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo sita.

La kwanza, popote penye shabaha ya bunduki, bunduki ya upepo au upinde, kileo kisiuzwe, kisiletwe wala kisinywewe muda wote ambao silaha ziko nje. Baa ifunguliwe tu baada ya silaha zote kuhesabiwa na kufungiwa ghalani, na msimamizi kutia saini yake kitabuni.

La pili, ukomo wa mwenye kushika silaha uwe sifuri. Miligramu 80 za barabarani zisitumike hapa, wala kiasi chochote kingine. Kipimo kiwe cha pumzi, na msimamizi awe wa kwanza kupimwa.

La tatu, kila anayeingia aulizwe na atie saini kuwa hakunywa tangu jana jioni. Anayesema kuwa alikunywa asiaibishwe. Apangiwe saa nyingine.

La nne, msimamizi awe na mamlaka ya kumzuia mtu yeyote, awe mgeni aliyelipa, mwenye hoteli au mkubwa wa Serikali, na uamuzi wake usitenguliwe siku hiyo. Aliyezuiwa arejeshewe fedha yake papo hapo, ili tamaa ya mapato isije ikamnong'oneza msimamizi.

La tano, hakuna kiwanja cha shabaha kitakachoelekezwa baharini au kwenye makaazi, na kila kiwanja kikaguliwe kwa vipimo kabla ya kupewa ruhusa. Wanakijiji walioko jirani, wakiwemo wakulima wa mwani, waulizwe kabla na siyo baada.

La sita, ofisi ya vileo isitoe leseni mahali penye silaha bila ya kupata maandishi ya Polisi, na Polisi wasiruhusu silaha mahali penye kileo bila ya kupata maandishi ya ofisi ya vileo. Barua mbili zinatosha. Hazihitaji bajeti mpya wala kamati mpya.

Tunajua watakaosema kuwa masharti haya yatawakimbiza wageni. Hatukubaliani nao. Mgeni mwenye akili huja kwetu kwa sababu anaamini atarudi kwao salama. Habari ya mtalii mmoja aliyepigwa risasi na mtalii mwenzake katika bustani ya hoteli ingevuka bahari kwa siku moja, na matangazo ya miaka kumi yasingeifuta. Na kabla ya kumhesabu mtalii, tumhesabu mwenyeji. Kijana wetu anayeajiriwa kusimamia shabaha na kuokota mishale ndiye atakayekuwa amesimama karibu zaidi na mtutu wa aliyekunywa. Ana mama yake kijijini. Anastahili kurudi jioni.

Iko kauli inayopendwa sana katika mitaa yetu kila yanapotokea maafa, kwamba ajali haina kinga. Tunaiheshimu kwa kuwa ina faraja kwa wafiwa. Lakini isitumike mahali ambapo kinga ilikuwepo na haikutumiwa. Radi inayompiga mvuvi katikati ya mkondo ni ajali. Risasi inayotoka katika mkono wa mtu aliyepewa bunduki huku harufu ya kileo ikinukia kinywani mwake si ajali. Ni uzembe wa aliyempa, wa aliyemwachia, na wa aliyetia saini leseni bila ya kuuliza.

Wakuu wenye dhamana wanayo nafasi ya kuuliza sasa, kabla ya kutia saini inayofuata. Wananchi nao wanayo haki ya kuona na kusema, bila ya kungoja kuitwa katika mkutano. Atakayeona bunduki na chupa juu ya meza moja aondoke hapo, na wa kwanza kumwambia awe sheha wake. Kufuli ya ghala la silaha ni shilingi chache. Hakuna nyumba katika visiwa hivi iliyo tayari kulipa gharama ya kutokuwa nayo.